Kuuza mifugo mapema kunasaidia ila sio kwa kila mtu

Umeuliza kwa nini wafugaji wasiuze tu mifugo yote ukame ukianza halafu wanunue tena mvua ikirudi. Shida ni soko, maana ukame ukishika kila mtu anapeleka ng'ombe wakati huo huo, wamekonda, bei inaanguka huku nafaka inapanda, na mvua ikirudi wote wanataka kununua kwa hiyo bei inaruka tena. Wanaojua wanauza kabla hali haijaharibika, madume na wazee kwanza wakiwa bado na mwili, majike wazuri wanabaki ndio wa kurudisha kundi. Wengine wanaongeza mbuzi, mbuzi anakula majani ya vichaka nyasi zikiisha na mimba yake ni miezi 5 hivi, ng'ombe ni 9, unaona kundi lipi linarudi haraka.

Kwa mkulima, njia ya kujikinga na ukame ni kuchanganya mazao. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa maua mavuno yanaharibika vibaya, mtama unaweza kusimama kukua ukasubiri mvua.

Kinachoniuma jamani ni familia yenye mbuzi wachache na haina akiba yoyote, hiyo inauza kwa njaa sio kwa mpango. Ukiwaambia wauze mapema hujawasaidia kitu, hao wanahitaji hela au malisho yawafikie kabla mifugo haijaanza kufa, na taarifa za mvua kwa lugha wanayoielewa.