Shule Zikifungwa, Nani Anamwona Mtoto?

Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, hazikupita siku nyingi shule zote zikafungwa, nasi tunaofanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Pwani tukampoteza msaidizi wetu mkubwa, yaani mwalimu. Kesi nyingi za watoto hutufikia kupitia kwake: ameona alama za fimbo, mtoto anayesinzia kwa njaa, au msichana aliyebadilika ghafla. Kwa hiyo simu zilipopungua, wapo waliodhani kwamba hali ni shwari, ilhali waliopungua walikuwa mashahidi.

Ukianza kazi hii, tafuta macho mengine mapema. Mama mboga anamjua aliyeacha kununua na kuanza kukopa. Muuza maji wa mkokoteni huingia hadi uani. Mzee wa mtaa na balozi wa Nyumba Kumi wana manufaa yao pia, ingawa baadhi yao ni jamaa wa mtuhumiwa, na siri haikai.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni simu. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi, mtesaji na anayeteswa walifungiwa chumba kimoja kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na mara nyingi mtesaji ndiye mwenye simu. Usimwulize mama akusimulie yaliyotokea. Muulize ya kujibiwa kwa ndiyo au la: anayekutesa yupo karibu, watoto wamo ndani, nipige simu kesho asubuhi? Tulikubaliana na baadhi ya akina mama kwamba mmoja wao akiniuliza bei ya unga, basi hawezi kuzungumza. Akirudia swali hilo, natafuta mtu wa kubisha hodi mlangoni kwake. Mfundishe pia akariri 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, kwani karatasi huonekana.

Shule zilifunguliwa kwa madarasa machache tarehe 12 Oktoba, na kwa wote Januari 2021, lakini wavulana waliozoea ujira wa kubeba kokoto hawakurudi kwa tangazo la redio, na baadhi ya wasichana walikuwa wamekwisha kujifungua. Sera inamruhusu msichana aliyejifungua kurejea darasani, ila sera hainyonyeshi mtoto. Kabla hujajaza fomu yoyote, keti na bibi yake umuulize kama atabaki na kitukuu mchana kutwa, na maziwa yatanunuliwa na nani.