Raigrasi ya kudumu au ya Kiitalia? Kata chipukizi, achana na mng'ao

Ndugu, umeuliza utazitofautishaje raigrasi hizi mbili, nyasi za malisho, kabla hazijatoa masuke, na kama ni jamaa wa rai, ile nafaka ya mkate.

Mng'ao wa jani upande wa chini ndio ulionipotosha mimi. Misimu miwili nilikuwa nakausha mimea ya Kiitalia (Lolium multiflorum) na kuiandikia Lolium perenne, yaani ya kudumu, kisa tu jani linameremeta. Zote mbili zinameremeta.

Tafuta chipukizi lenye jani changa ambalo bado limo ndani ya ala, ile sehemu ya jani inayozunguka shina. Likate kwa kukingama kwa wembe mkali, kisha utazame mkato kwa kioo cha kukuzia. Jani likiwa limejikunja katikati kama kitabu kilichofungwa, hiyo ni ya kudumu. Hata ukilibingirisha chipukizi vidoleni utalisikia ni bapa. Likiwa limejiviringisha kama mkeka wa kubeba kwapani, hiyo ni ya Kiitalia, na chipukizi lake ni duara. Kata matano au sita, usiamini moja. Mimea hii huchavushwa kwa upepo, kwa kawaida haijichavushi yenyewe, na hizi mbili huzaliana, kwa hiyo za katikati utazikuta.

Masuke yakitoka kazi inakuwa rahisi: visuke, yaani vifungu vidogo vinavyounda suke, vya Kiitalia vina ndevu, vya kudumu kwa kawaida havina. Lakini angalia pia jinsi kisuke kilivyokaa, maana hapo ndipo raigrasi zinaponivutia kuliko nyasi zote. Kimeuegemea mhimili, yaani kijiti cha katikati ya suke, kwa ubavu wake mwembamba, na upande wa mhimili hakina ganda la nje. Lipo moja tu, la upande wa pili. Kisuke cha kileleni peke yake ndicho chenye mawili. Ukiona visuke vimeulalia mhimili kwa upande mpana, hiyo si raigrasi.

Rai ni Secale, jenasi nyingine kabisa. Jamaa wa karibu wa raigrasi ni Festuca, nyasi nyingine, na wazalishaji wa mbegu huzizalisha pamoja kupata chotara.

Ndugu yao mwingine ni Lolium temulentum, anayedhaniwa na wengi kuwa ndiye magugu ya kwenye ngano katika Mathayo 13. Akiwa mchanga anafanana mno na ngano. Akitoa suke, tazama lile ganda la nje: linafika ncha ya kisuke, mara nyingine linaipita.