Kumtengenezea mwenzi mfano wa gari: Land Rover ya mkwe wangu na Volkswagen ya shemeji

Dada, umeuliza mambo mawili: kama mtu ambaye hajawahi kuishika kazi hii anaweza kumtengenezea mumewe mfano mdogo wa Volkswagen Beetle aliyokuwa akiiendesha enzi za ujana wake, na kama ni afadhali anunue boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha au achonge gari zima kwa mbao. Kuhusu la kwanza, anaweza. La pili linategemea umbo la gari lenyewe, nami nitalieleza kwa kirefu kwa sababu nilimtengenezea mke wangu Land Rover 109 ya marehemu baba yake, aliyekuwa bwana mifugo huko Mbulu, na gari hilo kwa umbo ni kinyume kabisa cha Volkswagen.

Kabla ya gundi na rangi, ni lazima ujue unatengeneza gari gani hasa. Mtu anayekusanya mifano ya magari hutafuta aina: Beetle ni Beetle, mradi imeundwa vizuri. Mwenzi wako hatafuti aina. Anaikumbuka gari moja, yenye rangi yake, kasoro zake na namba zake, na akiona taa zisizo zake atakushukuru kwa adabu na kuiweka rafuni. Kwa Volkswagen jambo hili ni zito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu gari lile lilionekana lilelile kwa miongo mingi huku likibadilishwa kidogo kidogo. Kioo cha nyuma kilikuwa vipande viwili hadi mwaka 1953, kikawa cha mviringo kama yai hadi 1957, kisha kikawa cha pembe nne na kuendelea kupanuliwa. Taa za mbele za magari ya zamani zimelala kufuata mteremko wa madigadi, na zina kifuniko cha kioo. Kwa matoleo ya kuanzia mwaka 1968 taa zimesimama wima, na bampa zilizokuwa na kingo za duara zikawa bapa na kupandishwa juu kidogo. Toleo la 1303, lililotoka mwaka 1972, lina kioo cha mbele kilichobinuka, ilhali wenzake wana kioo kilicho karibu bapa. Kampuni ya Tamiya ya Japani ina boksi la Volkswagen 1300 ya mwaka 1966 kwa skeli ya 1/24, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 24, nalo ni boksi zuri. Lakini ikiwa ya shemeji ilikuwa ya mwaka 1972, utakuwa umemtengenezea gari la jirani.

Sasa kuhusu boksi au mbao. Volkswagen haina karibu sehemu yoyote iliyo bapa: paa linateremka hadi bampa ya nyuma kwa mkunjo mmoja mrefu, boneti imevimba, na madigadi manne yamepachikwa ubavuni yakiwa na mikunjo yao wenyewe. Kuchonga umbo hilo katika gogo si kazi isiyowezekana, lakini kuufanya upande wa kulia ulingane na wa kushoto ni kazi ya mchongaji mzoefu, na jicho la mtu aliyeliosha gari hilo kila Jumapili hung'amua tofauti ya milimita moja. Kwa hiyo nunua boksi, na nguvu zako uzihifadhi kwa mambo nitakayoyataja baadaye.

Land Rover ni habari nyingine. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na kampuni ya Rover ikaamua kutumia bati la aloi ya alumini lililokunjwa kwa mikunjo rahisi ili kuepuka gharama za mashine kubwa za kukandamiza mabati. Matokeo yake ni gari la mabati bapa yaliyounganishwa kwa ribiti, na mtu mwenye rula, kisu kikali na subira anaweza kulirudia mezani kwa njia ileile lilivyoundwa kiwandani. Maboksi yapo pia: Revell ya Ujerumani na Italeri ya Italia zimewahi kuuza 109 ya toleo la tatu kwa skeli ya 1/24. Niliyafikiria, nikayaacha. Toleo la tatu, lililoanza mwaka 1971, lina taa kwenye madigadi na wavu wa mbele wa plastiki. Gari la mkwe wangu lilikuwa toleo la pili, taa zake mbili zimekaribiana ndani ya wavu wa waya kama macho ya bundi, na nyuma lilikuwa pikapu yenye turubai. Kila kipande ambacho mke wangu angekitambua ndicho ambacho ningelazimika kukitupa.

Habari za gari lenyewe nilizipata kwa mama mkwe na kwa shemeji yangu mdogo, ambao niliwaomba siri. Picha zilikuwa tatu tu zenye maana, na moja kati ya hizo ilikuwa ya harusi, gari likionekana nusu nyuma ya maharusi. Picha zilinipa umbo, lakini mambo ya thamani yalitoka vinywani mwao: kwamba mlango wa abiria ulitoka kwenye gari jingine na rangi yake ya kijani ilikuwa nyepesi kuliko ya mwili, kwamba tairi la akiba lilikaa juu ya boneti, kwamba mnyororo mmoja wa mlango wa nyuma ulikatika na badala yake ikafungwa kamba ya katani, na kwamba nyuma ya dereva lilikuwamo sanduku la mbao la kuwekea chanjo, ambalo watoto walikatazwa kulikalia na walilikalia. Nakushauri ufanye hivyohivyo kwa ndugu wa mumeo. Usiwaulize gari lilikuwaje, kwa sababu watakuambia lilikuwa zuri. Uliza mlango upi uligoma kufunguka, uliza walikaa wapi wakati wa safari.

Vipimo si vigumu. Skeli ya 1/24 ilitokana na nusu inchi kusimama badala ya futi moja, na hesabu yake ni kugawanya tu. Namba 109 yenyewe ni umbali kwa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani milimita 2,769, na ukigawanya kwa 24 unapata milimita 115. Urefu wote ni kama milimita 185 na upana 70. Volkswagen yako inapendeza zaidi kwa hesabu, kwa sababu umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,400, nao kwa skeli hiyo ni milimita 100 kamili. Kitu ambacho hukukipima, kipime kwenye picha iliyopigwa ubavuni: ukijua umbali wa ekseli kwenye picha na umbali wake halisi, kila kitu kingine katika picha hiyo kinapatikana kwa uwiano. Picha iliyopigwa kwa pembe itakudanganya, hasa kuhusu urefu wa boneti. Mimi niliyahakiki yote kwa tepu kwenye 109 mbovu iliyoegeshwa gereji moja mjini Arusha, ambapo mafundi walinitazama kama mnunuzi asiyejua bei.

Bati nililipata kwa wachapishaji. Pleti za alumini zinazotumika katika uchapaji zikishamaliza kazi huuzwa kwa bei ya chakavu, nazo ni nyembamba kiasi cha kukatwa kwa kukwaruza kwa kisu mara kadhaa na kukunjwa hadi kukatika. Ndani kuna kiunzi cha plaiwudi ya milimita 3 ili mabati yasinepe. Ribiti zilinipa raha kuliko yote: unaligeuza bati, unaliweka juu ya kadibodi laini, na kwa kalamu ya wino iliyokwisha unabonyeza kidogo kando ya rula kwa nafasi sawa, na upande wa pili unatokeza mstari wa vichwa vya ribiti. Land Rover za zamani pia zina vipande vya chuma cha mabati visivyopakwa rangi kwenye kingo za juu za bodi, na hapo nilibandika ukanda mwembamba wa alumini tupu baada ya rangi kukauka. Ni jambo dogo, lakini bila huo ukanda gari linafanana na Land Rover ya katuni.

Wavu wa mbele ni chujio la chai lililokatwa. Turubai ni kitambaa cha amerikani chenye nyuzi nyembamba, kilicholowekwa kwenye gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji na kutandikwa kikiwa kibichi juu ya matao ya waya, ili kikikauka kibaki na mikunjo yake. Magurudumu nilikerezewa kwa mpingo na fundi wa vinyago pale Mwenge, kipenyo milimita 33, na meno ya tairi nikayachonga kwa tupa ya pembe tatu. Mpingo ni mweusi wenyewe, hivyo hauhitaji rangi wala haubanduki. Watu wengi huanza na raba ya kandambili, ambayo nayo inafaa, ila huwa inapukutika kingo baada ya miaka.

Kuhusu rangi, hapa ndipo kazi yangu na yako zinapokutana. Kwenye plastiki, sprei ya magari ya kawaida yenye tina kali inaweza kuyeyusha uso wa kipande, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye ile fremu ambayo vipande vimeshikana nayo, ambayo utaitupa hata hivyo. Anza na praima, usugue kwa msasa laini wa maji, upulize rangi kwa tabaka nyembamba kadhaa badala ya moja nzito. Kwa sisi tunaoishi pwani, unyevu wa hewa ni adui: rangi inayokauka haraka hunasa mvuke na kuwa na ukungu mweupe, na kwa sababu hiyo mimi hupulizia mchana wenye jua, katika miezi ya kipupwe, kamwe si jioni wala baada ya mvua. Kopo likiwekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, usiyachemshe, hupuliza kwa upole zaidi. Chagua rangi iliyo nyepesi kidogo kuliko ile unayoikumbuka, kwa kuwa kitu kidogo huonekana kimekolea kuliko kikubwa chenye rangi ileile.

Vioo usivibandike kwa supagluu, kwa maana mvuke wake huacha utando mweupe usiotoka. Gundi nyeupe ya mbao inashika vya kutosha na ikikauka haionekani. Angalia pia usukani. Maboksi mengi huundwa kwa kufikiria nchi ambazo dereva hukaa kushoto, na kama hakuna dashibodi ya kulia ndani ya boksi itakubidi uikate na kuigeuza. Usipuuze hili. Mtu hukumbuka gari lake akiwa ameketi ndani yake.

Namba za usajili nilizichapisha kwenye karatasi ya picha katika duka la steshenari, herufi nyeupe juu ya weusi kama zilivyokuwa zamani, kisha nikazipaka vanishi. Kibao cha milimita 520 kwa 110 kwa skeli hii kinakuwa karibu milimita 22 kwa 5, na bado kinasomeka. Kwa maoni yangu namba ndicho kitu cha kwanza ambacho macho ya mpokeaji huenda kukitafuta, na ni ajabu jinsi watengenezaji wengi wanavyokiacha hadi mwisho, wakati mchoko umeshawazidi.

Kuna mambo niliyoyaacha kwa makusudi. Boneti haifunguki, injini haimo, na chini ya gari kuna chasisi na ekseli tu. Muda ambao ningeutumia kwenye injini niliutumia kwenye sanduku la chanjo, lenye bawaba na kufuli ya waya, na kwenye mlango ule wa rangi nyepesi, ambao nilichanganya rangi yake mara nyingi kuliko ya gari zima. Mke wangu hajawahi kuuliza iko wapi injini. Alichouliza ni nani aliyeniambia kuhusu kamba.

Siri ni kazi nzito kuliko ufundi. Harufu ya tina haifichiki ndani ya nyumba, kwa hiyo tafuta kibaraza cha rafiki au chumba cha ofisini, na ujiandae kwa maswali kuhusu rangi kwenye kucha. Gari likishakamilika, lifunge kwenye kibao kwa skurubu mbili zinazopita chini ya chasisi kabla hujalisafirisha popote, maana gundi peke yake haivumilii matuta ya barabarani, halafu mpe fundi wa vioo vipimo vya sanduku, ukiacha sentimita tatu kila upande. Vumbi linalotua kwenye rangi isiyokingwa haliondoki bila kuacha mikwaruzo.

Kwa hiyo usiagize kitu chochote bado. Tafuta picha ya Volkswagen hiyo inayoonyesha taa za mbele na bampa, hata kama ni ukungu, na umuulize mama mkwe wako ilikuwa ya mwaka gani. Ukinionyesha, nitakuambia kama boksi la mwaka 1966 litafaa kama lilivyo, au ni vipande vipi utalazimika kuvibadilisha, na tutaanzia hapo.