Nauli ya kozi ya jioni ukiwa huna ajira

Watu wakitaka kuanza kozi ya jioni wanahangaikia ada tu, mi nawaambia ada siyo inayokutoa darasani, ada utalipa kwa awamu na chuo watakuvumilia kidogo ila konda wa daladala hana awamu. Nilisoma umeme wa majumbani Chang'ombe, hapa Dar es Salaam, nikiwa naishi Gongo la Mboto, ajira sina, na darasa letu lilikuwa linapungua taratibu, ukiuliza fulani yuko wapi mbona haonekani jibu ni lile lile, nauli.

Kabla hujalipia hata fomu piga hesabu ya nauli ya kozi nzima. Kwenda na kurudi, siku zote za wiki, mpaka mwisho wa kozi, afu weka pembeni ya ada uone ipi kubwa. Na usipigie hesabu nauli ya mwanafunzi. LATRA, wale wanaopanga nauli, walipopandisha mwishoni mwa 2023 mtu mzima aliwekewa 600 kwa ruti isiyozidi kilometa 10, mwanafunzi akabaki na 200 yake, ila jaribu wewe na ndevu zako, sare huna, usiku watu wanagombania mlango, umwambie konda we ni mwanafunzi uone atakavyokujibu. Kingine ni kuunganisha magari. Nauli inapanda kidogo kidogo kadiri ruti inavyokuwa ndefu, lakini ukishuka ukapanda gari lingine unaanza upya, kwa hiyo kwa nauli hizo vipande viwili vifupi ni 1,200 wakati gari moja la kilometa 15 lilipangiwa 700. Bora utembee kwa mguu mpaka barabara kubwa ukapande la moja kwa moja. Mi chuo nilichagua kwa ruti, jina baadae.

Kilichoniokoa hasa ni kibarua karibu na chuo, siyo karibu na nyumbani. Keko na Chang'ombe ni pua na mdomo, na Keko ndo kwa mafundi fanicha, basi naenda asubuhi napiga msasa vitanda, napaka vanishi, jioni naoga juu juu naingia darasani. Hela yenyewe ndogo, ila safari ni moja na nauli ya kurudi naipata huko huko. Fundi mwambie mapema unaondoka saa ngapi, na mkubaliane ulipwe kila siku, maana ukikubali malipo ya Jumamosi, ikifika Jumatano utashindwa kurudi nyumbani.

Ndugu nao waombe nauli, usiwaombe ada. Mjomba ukimtajia laki mbili simu inakatika yenyewe, ila shikamoo mjomba naomba nauli ya wiki hii ya chuo, hapo wengi wanatoa, afu ukimaliza wiki mpigie umwambie mmefundishwa nini. Akituma kwenye simu toa yote kwa mkupuo, ukitoa kidogo kidogo makato yanaila. Mi nilikuwa namwachia dada anitunzie, ananipa ya siku tu.

Mikopo sasa. Bodi ya Mikopo msahau kwa kozi fupi. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri haina riba lakini ni ya vikundi vyenye mradi, itakufaa ukishamaliza mkijiunga mafundi wenzako. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na zile programu za kukopa kwenye simu usiguse kabisa, Benki Kuu (BoT) wenyewe Novemba 2024 walizitaja 69 zisizo na leseni, na hao ukichelewa wanawatumia meseji watu wote kwenye simu yako, mpaka huyo mjomba.

Ikibana kabisa na lazima ukose siku moja, kosa ya nadharia, notsi mwenzako atazipiga picha akutumie WhatsApp. Siku ya vitendo nenda hata kwa kuazima, waya hujifunzi kwenye picha.