Tafuta kimbweta chako mapema

Mdogo wangu unayeanza chuo hapa Dar, habari za usajili na mkopo utaelekezwa na wengi. Mimi nataka tuzungumze habari ya watu.

Nilifika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikitokea mkoani, kwenye shule ambayo darasa zima tulijuana hadi majina ya mama zetu. Lekcha yangu ya kwanza ilikuwa na mamia ya watu. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 zinachukua wanafunzi 3,840, na chuo kina wengi kupita hao, kwa hiyo mimi nilipanga chumba Msewe, mtaa ulio jirani na chuo. Lekcha, geto, lekcha, geto. Wiki ya sita nikang'amua kwamba tangu Jumatatu hadi Alhamisi hakuna aliyeniita jina langu, isipokuwa mama aliponipigia simu.

Kilichonitoa huko ni kimbweta, zile meza na viti vya saruji vilivyo chini ya miti. Jioni moja nilikaa pembeni ya wanne waliokuwa wanahangaika na takwimu. Dada mmoja akanisogezea karatasi: "Hili umelipataje?" Nami sikuwa nimelipata. Tukahangaika wote mpaka giza likaingia. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Wiki ya tatu nilichelewa, nikakuta begi limewekwa pale ninapokaa ili mtu mwingine asikae. Nililiangalia lile begi kwa muda mrefu. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilipokata tulichanga unga na dagaa tukapika kwangu. Nilipougua malaria karibu na mitihani, wawili walikuja na uji kwenye chupa ya chai, na notsi walizoninakilia kwa mkono.

Ukiwa mtu wa ibada, umerahisishiwa: kuna TAFES ya Wakristo wa kiinjili, kuna TMCS ya Wakatoliki, kuna MSAUD ya Waislamu. Kuna pia vyama vya watu wa mkoa mmoja, timu za mpira, na siasa za DARUSO, serikali ya wanafunzi, kwa wanaozipenda. Usijiandikishe kote. Chagua mahali pamoja tu, pawe na siku zinazojulikana, na watu wachache kiasi kwamba usipotokea kuna atakayekuuliza jana ulikuwa wapi. Kundi la WhatsApp la kozi nzima halina mtu wa kukuuliza hivyo. Kisha omba kazi, hata ya kupanga viti au kukusanya michango, maana mwenye kazi hutafutwa.

Ninyi mnaokaa kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto mna kazi zaidi, na nawaonea huruma kwa dhati. Saa kumi hadi saa kumi na mbili ndipo urafiki wa chuo unapojengwa, nanyi mko kwenye foleni. Zungumza na shangazi mapema, kwa heshima, mkubaliane siku mbili za kuchelewa kurudi.

Basi wiki hii, lekcha ya mwisho ikiisha, iache daladala ya kwanza ipite. Chukua daftari, tafuta kimbweta chenye watu wa kozi yako, uwaulize swali la semina ya kesho.