Ampu inajizima ukipandisha sauti? Hesabu omu kwanza

Kaka wa Jinja, umesema ampu (mashine ya kukuza sauti) inajizima ukipandisha sauti na fundi anataka ununue yenye wati nyingi zaidi, ngoja kwanza usitoe hela. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, ikiwa ndogo umeme unapita mwingi. Spika mbili za omu 4 ukiziunga sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) kwenye chaneli moja zinakuwa omu 2, na ampu yako umesema imeandikwa isishuke chini ya omu 4, kwa hiyo inatoa karenti nyingi mno inachemka inajizima isiungue. Ziunge kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, upate omu 8, sauti itapungua kidogo lakini itatulia. Halafu hiyo omu 4 iliyoandikwa nyuma ya boksi la spika ni makadirio tu, kwenye besi inaweza kushuka hata 3, ndiyo maana mimi natafuta ampu inayovumilia omu ndogo kabla ya kuuliza wati. Na tafadhali sauti ikianza kukwaruza punguza haraka, hapo ndipo twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zinaungua.