Uliza Bibi Shamba: Nimepulizia mara mbili, viwavi wapo tu

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima ekari mbili za mahindi Mvomero. Zamani bwana shamba alipita na baiskeli kila wiki mbili. Siku hizi nakimbilia duka la pembejeo. Viwavijeshi wameingia, nikauziwa dawa, nimepulizia mchana mara mbili, wapo tu. Kijana wa duka anasema niongeze dozi. Na kuku wangu kila mwaka wanaisha kwa kideri. Nimngoje nani?
Msomaji, Mvomero

JIBU: Marahaba mwanangu. Dozi usiongeze.

Wa baiskeli ndio sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa na ratiba: kila wiki mbili kwa wakulima walewale, na ole wangu msimamizi anikose. Mradi wa ziara hizo ukaisha, baiskeli yangu ikafia kwenye tope, maduka yakashika nafasi. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani, ila vijiji ni vingi. Kijana wa duka simlaumu, yeye yupo kila siku. Lakini anakula kwa kuuza. Hatakuambia rudi nyumbani usinunue.

Kiwavijeshi vamizi, huyu aliyeingia nchini 2017, mchana hujificha ndani ya moyo wa mhindi, pale katikati majani machanga yanapochomoza, juu amejiziba kwa kinyesi kama unga wa msumeno. Ukipulizia saa saba unaosha majani tu. Ingia alfajiri, fungua mioyo ya mimea kama ishirini, katikati ya shamba pia, si ukingoni tu. Ukikuta wadogo, pulizia jioni, bomba likielekea moyoni. Wakubwa okota uwaponde. Ekari mbili na watoto wa likizo mtazimaliza.

Ukilazimika kununua tena, nenda na chupa ya zamani, umwambie kijana akusomee kiambato, yaani ile sumu yenyewe iliyomo. Majina mawili yanaweza kuwa dawa ileile, na viwavi wameshaizoea. Akishindwa kusoma lebo, omba namba ya afisa ugani kwa mtendaji wa kijiji, umtumie picha. Wa leo anajibu simu haraka kuliko nilivyofika mimi.

Kuku usimngojee mtu. Ipo chanjo ya kideri inayostahimili joto (si ya kuanika juani, lakini): tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wasio wagonjwa tu. Chupa moja hutosha kuku wengi, basi changeni majirani, mchanje wote siku moja, jioni wakiwa bandani.